Ukaguzi Wangu Ulimkamata Shemeji

IMEKATALIWA! IMEKATALIWA! IMEKATALIWA!

Skrini ilijaa wekundu, na kila mstari ulikuwa na jina moja... la shemeji yangu. Mume wa dada yangu kabisa! Mtu aliyepunguzwa kazi hapa ofisini miezi kadhaa iliyopita!

Ngoja niwaeleze taratibu, wapendwa.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Kazi yangu ni kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua nani aandike kwenye faili lipi. Kiini chetu kilikuwa kinauliza ruhusa pale faili linapofunguliwa tu. Ukishaingia, unaandika mpaka uchoke, hata kama umeshanyang'anywa ruhusa. Kama mgeni uliyemfukuza, kumbe bado yuko sebuleni kwako kakunja nne!

Nikaubadilisha ukaguzi. Sasa kiini kinauliza kila unapoandika.

Nilitaka tuujaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni. Bosi hakutaka kusikia. Tukauwasha moja kwa moja kwenye kompyuta ya ghala la chanjo...

Ndipo likaja jina la shemeji.

“Si nilisema!” Bosi alipiga meza. “Jamaa bado anatuingilia. Naita polisi!”

“Bosi, tusome kwanza alichokuwa anaandika.”

“Unamtetea kwa sababu kamuoa dada yako?”

Iliniuma, jamani. Shemeji ndiyo kwanza amepata kazi mpya. Kesi moja tu, na nyumba ya dada inayumba tena.

Nikampigia shemeji, simu nikaiweka spika ili Bosi naye asikie.

“Shem, umeingia kwenye mashine yetu?”

“Mimi? Nafua nepi za mpwa wako hapa, hata simu ina povu!”

Kama si yeye... ni nani?

Nikafungua mstari mmoja uliokataliwa. Ndani mlikuwa na neno moja.

POZA.

Wa pili, POZA. Wa tatu, POZA...

“Shem, hii POZA ni nini?”

Akapiga ukelele!

“Mmeizuia?! Hiyo ni programu niliyoiacha ikiendesha majokofu ya chanjo kwa jina langu! Irudisheni haraka!”

Nikaizima, nikaiwasha upya kwa jina la mashine yenyewe badala ya la mtu. Wekundu ukakoma. Tukakodolea macho kipimo cha joto... kikaanza kushuka. Chanjo zilipona.

“Kwa nini hukusema kama umeiacha?” Bosi alimfokea shemeji simuni.

“Bosi,” shemeji akajibu, “nilikwambia siku naondoka. Ukasema, ‘We nenda tu, tutajipanga.’”

Bosi akaanza kuangalia viatu vyake.

Ukaguzi wangu nimeuacha ulivyo, maana haukukosea. Jina lile kweli halikuwa na ruhusa. Ila uliniambia nani tu. Anaandika nini, ilibidi nisome mwenyewe.

Ndugu zangu, jina la mtu likikujia na wekundu, soma kwanza alichoandika. Mimi ilibaki kidogo tu nimuache aitwe mwizi mtu aliyekuwa anapoza chanjo za watoto, na mpwa wangu akiwamo.