Mpango Uliobandikwa Kwenye Kioo

Jamani, sogeeni karibu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usituzibie hewa. Nina kisa cha nyumba moja iliyougua maradhi ambayo hayana dawa dukani, maradhi ya kupanga. Msicheke bado. Mgonjwa wa maradhi hayo huwa hajijui, na pengine tumekaa naye hapa hapa.

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa imetulia tuli. Mama Pacha, fundi cherehani anayesifika mtaa mzima, alikuwa kwenye chumba cha mbele anakoshonea, mguu kwenye pedali na pini mdomoni. Mapacha walikuwa shule. Mkwewe, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa kibarazani akichambua maharage. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu, na Mama Pacha alikipenda kuliko kitu chochote mle ndani, maana mteja akishajiona humo amependeza, habishani tena.

Mara akaingia mumewe, Baba Pacha, na chupa ya gundi mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi kubwa ya kukatia patani, yaani vielelezo vya nguo.

"Mke wangu, kuta zote zina unyevu. Ni hapa tu karatasi itashika," alisema. Kabla pini hazijatoka mdomoni mwa mkewe, kioo kilikuwa kimeshafunikwa.

"Baba Pacha! Na wateja wangu watajitazama wapi?"

"Wiki moja tu, Mama Pacha. Nikimaliza mpango wangu naibandua mwenyewe."

Wiki moja! Haya, ishikeni hiyo wiki, tutaihitaji huko mbele.

Sasa niwaeleze mpango wenyewe. Baba Pacha alikuwa msaidizi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya bima. Printa ikigoma, anaitwa yeye. Mtu akisahau nywila, anaitwa yeye. Zamani alisoma kompyuta chuoni miaka miwili, akafaulu vizuri tu, kisha mapacha wakazaliwa na ikabidi aache vitabu akatafute mshahara. Jambo hilo lilimkaa Mama Pacha rohoni. Kila akimwona mumewe ameinama chini ya meza za watu akichomeka nyaya, alijisemea, huyu mtu alistahili zaidi ya hapa.

Ndipo bosi wake akamwita. "Mkuu wa kitengo chako anakaribia kustaafu," alimwambia. "Nafasi hiyo nataka uchukue wewe. Niletee tu uthibitisho kwamba umeanza shahada. Hata ya mtandaoni, mimi sijali."

Mama Pacha aliposikia hayo alipiga kigelegele mpaka Bibi akamwaga maharage. Na habari njema zaidi ni kwamba ile miaka miwili ya zamani haikuwa imepotea. Vyuo vingi vya mtandaoni hupokea krediti, yaani masomo uliyofaulu kwingine, vikakuhesabia, ukamalizia yaliyobaki. Kilichotakiwa ni kuchagua chuo, kutuma matokeo, na kuanza. Basi.

Lakini Baba Pacha hakutaka kuanza hivi hivi. Alitaka kuanza vizuri. Chuo cha kwanza kilikubali masomo yake karibu yote, ila kilikataa hesabu. Cha pili kilikubali hesabu, kikakataa somo la mawasiliano. Cha tatu kilikubali yote mawili, lakini kilidai somo la falsafa ambalo hakuwahi kulisikia. Kila chuo kikapata rangi yake kwenye karatasi. Mishale ikatoka hapa kwenda pale, ikakatana, ikarudi. Chaki za kushonea za Mama Pacha zikaisha. Akihitaji kuchora kiuno cha gauni, anakuta chaki ya bluu imekwenda chuo cha pili.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Wateja wakaanza kujitazama kwenye kioo cha dirisha, jua likiwapiga machoni. Shangazi mmoja alikwenda harusini na mkono mmoja wa gauni mrefu kuliko mwenzake, akarudi amefura. Mama Pacha akaomba radhi mpaka sauti ikakauka.

"Mwanangu," Bibi alimwuliza mwanawe siku moja, "hiyo shahada imewekwa jikoni tangu lini? Mbona haiivi?"

"Mama, haya mambo hayataki haraka. Mama Pacha mwenyewe hapa hupima kitambaa mara mbili kabla ya kukata."

"Napima mara mbili," Mama Pacha alijibu bila kuinua macho, "halafu nakata. Wewe mkasi huujui."

Msidhani Baba Pacha alikuwa mjinga. Hapana! Mpango wake ulikuwa mzuri kupita kiasi, watu wakaanza kuja kuutazama. Mtaa ukambatiza Profesa Mipango, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili. Akawa anasimama mbele ya kioo kilichofunikwa, rula mkononi, akifundisha watu vyuo huku mkewe akiwapisha na vitambaa vyake.

Miongoni mwao alikuwa Kinyozi wa pale kona. Huyu alikuwa na stashahada ya kompyuta aliyoifungia kabatini tangu ashike mashine ya kunyolea. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Sasa Profesa, mtu kama mimi nianzie wapi?"

"Chuo cha kwanza, hiki chekundu. Na usichelewe, ndugu yangu. Krediti za kompyuta zina ukomo. Zikizidi miaka kumi tangu uzipate, hazipokelewi. Nimeandika hapa pembeni kwa njano."

"Na njano maana yake nini?"

"Njano ni mambo ya kushughulikia baadaye."

Kinyozi hakuuliza tena. Jioni ile ile, mteja wa mwisho alipoondoka, aliketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea akatuma matokeo yake kwa simu. Wiki iliyofuata alikuwa anasoma, kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya spiriti.

Mama Pacha naye aliyasoma yale maandishi ya njano, akapiga hesabu. Miaka kumi ya mumewe ilikuwa inaisha mwezi ule ule.

"Baba Pacha, tafadhali. Tuma leo. Chekundu, bluu, chochote. Nakuomba."

Aliona machozi ya mkewe, akatikisika. "Natuma Ijumaa," alisema, na nawaapia, siku hiyo alimaanisha. Ijumaa akakaa mbele ya kompyuta, amevaa shati safi. Mama Pacha alisimama nyuma yake ameshika bega lake. Kidole kilikuwa tayari. Basi si likatokea tangazo pembeni ya skrini! Chuo cha nne. Kinapokea krediti zote, na moja zaidi.

"Moja zaidi," alinong'ona Baba Pacha, macho yaking'aa. "Mama Pacha, hebu nipe karatasi nyingine."

Ah! Jamani! Kuna wakati msimulizi anatamani aingie ndani ya hadithi ampokonye mtu kompyuta.

Chuo cha nne kilichunguzwa, kikapakwa rangi ya kijani, kikalinganishwa na wenzake watatu. Bosi aliuliza, akaambiwa, "Nipe muda kidogo, kuna krediti moja inanisumbua." Akauliza tena, akaambiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuuliza. Mkuu wa zamani alistaafu, kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka mzima, kisha wakatangaza nafasi kwa watu wa nje.

Hapo ndipo Baba Pacha alipotuma. Alituma vyuo vyote vinne kwa mpigo, na vyote vinne vikajibu neno moja: krediti zako zimepitwa na wakati. Chuo chekundu peke yake kilimwonea huruma, kikakubali somo moja aliloliokota mwaka wa kwanza, Elimu ya Michezo. Mpira, inaonekana, haujabadilika.

Siku ya mapumziko alikaa kitandani tangu asubuhi. Mama Pacha alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, aliyatafuna yote akayameza, akampelekea chai.

Mchana wake akaja Kinyozi na kitambaa cheusi kizuri. Alikuwa amehitimu.

"Shemeji, nishonee suti. Jumatatu naanza kazi."

"Hongera sana, shemeji! Wapi?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Ofisi ile ya bima. Mkuu wa kitengo cha kompyuta."

Futi ya kupimia ilimtoka Mama Pacha mkononi. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na Baba Pacha alikuwa amesikia. Akatokea taratibu, akasimama mbele ya bosi wake mpya.

"Profesa," Kinyozi alisema, na sauti yake haikuwa na dhihaka hata chembe, "bila mpango wako nisingefika. Naona aibu."

"Usione aibu. Ulinisikiliza kuliko mimi nilivyojisikiliza." Akamgeukia mkewe. "Mama Pacha, mteja anahitaji kujiona."

Akaishika karatasi kwa mikono yake mwenyewe, akaibandua kuanzia juu hadi chini. Nyuma yake kioo kikatokea, na ndani ya kioo mtu mmoja aliyekodoa macho.

"Mvi hizi zimeota lini?" aliuliza.

"Ulipokuwa unapanga," alijibu mkewe.

Bibi alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha Kinyozi akacheka, kisha Baba Pacha mwenyewe, kicheko kilichochanganyika na kilio. Alipomaliza, alivuta kiti, akafungua kompyuta, akajisajili chuo chekundu, mwaka wa kwanza, somo la kwanza, na Elimu yake ya Michezo mkononi. Haikumchukua hata muda wa mkewe kumpima Kinyozi mabega.

Na ile karatasi? Mama Pacha haachi kitu kipotee. Aliigeuza upande mweupe, akachora patani ya suti ya Kinyozi, akashika mkasi, akakata.

Funzo, kwa waliosinzia njiani

Ndugu zangu, mpango ni kitu chema, lakini hakuna aliyehitimu kwa kupanga. Mchagua jembe si mkulima. Anayesubiri faida moja zaidi hupoteza hata zile alizokuwa nazo, na wanaompenda hupoteza pamoja naye. Kama una karatasi yako imefunika kioo mahali fulani, kaibandue leo, ukiwa bado unaitambua sura utakayoikuta nyuma yake.