Kikausha-Mabomba cha Kitulo

Kikausha-mabomba kilipanda ukutani taratibu, kikaingiza mrija wake katika bomba la jikoni na kupuliza. Maji yaliyobaki yalitoka yakikoroma. Kisha mashine ikasukuma ndani kizuia-barafu, dawa ya kijani isiyoganda hata kwenye baridi kali. Nyumba kubwa yote ilikamilika kabla chai ya Mhandisi Herieth Mlay haijapoa.

Herieth ndiye aliyekibuni. Tangu vioo vya anga vitandazwe ili kuipoza dunia, uwanda wa Kitulo ulikuwa na msimu wa barafu, na watu wa mijini wenye nyumba za mapumziko huko walirudi kila mwaka wakakuta mabomba yamepasuka na dari zimelowa. Sasa walifunga milango na kushuka Dodoma bila wasiwasi. Herieth alijivunia jambo hilo, pengine kupita kiasi.

"Chumba cha uani kina joto," mashine ilisema. "Je, kuna mtu?"

Swali hilo alilitia yeye mwenyewe, kwa usalama. Mabomba yale yale ndiyo yaliyopitisha maji ya moto ukutani na kupasha vyumba, kwa hiyo kuyakausha kulikuwa kuzima joto pia.

"Hakuna mtu," alijibu huku akitafuta funguo za gari. "Ni Ezelina tu."

Ezelina Sanga ndiye aliyemtunzia Herieth nyumba hiyo, na chumba hicho ndicho alichoishi mwaka mzima. Wengi husema hivyo. Ukiulizwa nani yumo ndani, mfanyakazi hahesabiwi, na hakuna anayeona ubaya. Lakini mashine haikulelewa na watu. Ilisikia "hakuna mtu", ikakausha mpaka uani.

Wiki chache baadaye, simu kutoka hospitali ya Makete ilimkuta Herieth ofisini Dodoma, akiwasifia wateja uvumbuzi wake. Alisafiri siku hiyo hiyo. Wodini alimkuta Ezelina amefungwa bandeji mikono yote miwili. Kila asubuhi alikuwa akivunja barafu kwenye pipa apate maji ya kupikia, hadi wachunga ng'ombe walipomkuta amezirai mlangoni. Madaktari walimkata vidole vitatu.

"Pole na safari, bosi," alisema Ezelina.

"Dada Ezelina, kwa nini hukunipigia?"

"Nilijua ndivyo mlivyoamua, joto lizimwe mkiwa hampo. Nikasema nisiwasumbue."

Njia nzima Herieth alikuwa amejiandalia maneno kuhusu hitilafu ya mitambo. Yalimkauka mdomoni. Aliona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke immeze.

"Mashine haikukosea," alisema. "Iliniuliza kama kuna mtu. Nikasema hakuna, ni wewe tu."

Alisubiri kutukanwa, na angeshukuru sana kutukanwa. Ezelina alimtazama kama anayetafuta kosa liko wapi.

"Kwani uongo, bosi? Si nilikuwepo mimi tu?"

Herieth alifunika uso kwa viganja, akalia bila kujali wagonjwa wengine. Ezelina alijaribu kunyoosha mkono ambembeleze, bandeji zikamzuia. Akaona heri abadilishe mazungumzo.

"Na mabomba je, yalipona?"

"Yalipona."

"Yote?"

"Yote, dada."

"Afadhali," alisema Ezelina, akashusha pumzi.