Mrija Mmoja, Vitanda Viwili

Kila alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anawika, Zulma alikuwa ameshawasha jiko la mkaa na kuteleka birika. Maji hayakutakiwa kuchemka. Yakianza tu kunong'ona aliyaepua, akayamimina kwenye chupa ya chai, kisha akajaza majani ya yerba, chai chungu ya nchi yao, ndani ya kibuyu kidogo na kuchomeka mrija wa chuma. Kazi hiyo alikabidhiwa na bibi yake akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na kanuni zake zote zilikuwa kichwani. Mtiaji hunywa wa kwanza, maana kibuyu cha kwanza ni kichungu mno, hakipewi mgeni. Kisha hujaza tena, humpa wa pili, wa tatu, mpaka mzunguko urudi kwake. Mrija ni huo huo mmoja, na haufutwi, kwa sababu kuufuta ni kumtukana mwenzako. Anayetosheka husema "asante", basi harudishiwi tena kibuyu.

Juma hilo la mwezi wa Juni baridi ilikuwa kali mjini Potrero, na kiti cha Bibi Deolinda kando ya jiko kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa amelazwa hospitali. Aliteleza akimfukuza kuku, akavunjika mguu. Daktari alisema angetoka Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, siku ya mioto, michezo na mbejú, ile mikate bapa ya wanga wa muhogo na jibini. Hakuna aliyekaanga mbejú kama Bibi. Mtaa mzima ulimngoja, na Zulma alizihesabu siku kwa vidole.

Jumanne alasiri alikwenda kumwona pamoja na binamu yake Derlis, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno mengi. Chupa na kibuyu vilikuwa mkobani. Mlangoni mwa wodi alisimama Nesi Perla, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akimwuliza kila mgeni maswali yale yale.

"Homa? Kikohozi? Mafua?"

Koo la Zulma lilikuwa likimwasha tangu jana yake. Lakini hakuwa amekosa hata siku moja kumpelekea Bibi yerba, na akisema ndiyo, atarudishwa.

"Sina chochote," alijibu.

Walipopita, Derlis akamsogelea sikioni. "Na aliyekohoa usiku kucha nyuma ya ukuta wangu alikuwa nani? Mbuzi?"

"Nyamaza wewe," Zulma alisema, akamkanyaga mguu.

Alifika kitandani, akaunganisha viganja na kuomba baraka, kama afanyavyo kila mtoto kwa bibi yake.

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Umeileta?"

"Nimeileta."

"Ifunike kwa shuka. Perla amekataza kibuyu cha pamoja humu ndani. Ati kila mtu na kikombe chake, kama tuko benki."

Kutoka kitanda cha pili ilisikika sauti nyembamba. "Deolinda, nasikia harufu ya yerba, au pua yangu inanidanganya?"

"Pua yako nzima, Tomasa. Moyo wako ndio mbovu."

Wazee hao wawili wakacheka. Ña Tomasa, kama wote walivyomwita kwa heshima, alikuwa na kilango cha moyo kilichokataa kufunga sawasawa. Miezi saba alikuwa amengoja nafasi ya kupasuliwa huko Asunción, mji mkuu, na hatimaye nafasi ilipatikana. Alhamisi gari la wagonjwa lingemchukua.

Zulma akatia. Alikunywa cha kwanza, akakibana kikohozi kifuani, akampa Bibi, kisha akampa Ña Tomasa. Ña Tomasa alivuta mpaka mrija ukakoroma.

"Asante, binti. Kimoja kinanitosha. Daktari ananifuatilia kama askari."

Alhamisi Zulma alikwenda karibu mbio, Derlis nyuma yake, maana ilibaki siku moja tu Bibi atoke. Nesi Perla akampa barakoa na maswali yake matatu, naye akajibu kama juzi. Kumbe ndani Bibi alikuwa mwekundu usoni, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na kila akikohoa kitanda kilitikisika.

Muda si muda Nesi Perla akaja akisukuma kimeza cha magurudumu. Juu yake kulikuwa na mashine nyeupe, kubwa kidogo kuliko redio. Wagonjwa waliipachika jina la Kasuku, kwa sababu ilipiga kelele kila ilipopata jibu. Kasuku alikuwa na wiki mbili tu hospitalini hapo, na kila alipopita watu waliinuka vitandani kumwangalia.

"Tazama juu, Ña Deolinda. Itakutekenya," Nesi Perla alisema. Akaingiza kijiti chenye pamba puani mwa Bibi, akakizungusha, akakitumbukiza kwenye kichupa cha maji ya dawa. Maji hayo akayadondoshea kwenye kikasha cha plastiki, na kikasha akakisukuma tumboni mwa mashine.

"Anafanya nini humo?" Derlis aliuliza, macho yamemtoka.

"Anatafuta virusi vya njia ya hewa. Dakika ishirini tu. Zamani kijiti hiki kilipanda basi mpaka maabara ya mji mkuu, na jibu likirudi siku ya tatu, nusu ya wodi wameshaambukizana."

Tarakimu zikaanza kushuka kwenye kioo. Kumi na tisa. Kumi na nane. Mgonjwa mmoja pale dirishani aliweka dau la chungwa kwamba ni mafua ya kawaida tu. Zulma hakubandua macho. Ilipofika sifuri, Kasuku akapiga kelele.

"Influenza," Nesi Perla alisoma. "Homa ya mafua makali. Vizuri, tumeijua mapema. Dawa utaanza leo hii, Ña Deolinda, na utahamia chumba cha peke yako. Lakini kesho hutoki."

Kisha akatazama huku na huku. "Sasa niambieni. Kuna mtu amekula au kunywa naye kitu kimoja?"

Bibi akaangalia dari. Derlis akaangalia viatu vyake. Zulma akahisi mashavu yakimchoma ndani ya barakoa.

"Hakuna? Haya. Vitanda viko mbalimbali, na Ña Tomasa hana homa wala kikohozi. Anaweza kusafiri."

Wanaume wawili walikuwa tayari mlangoni na kitanda cha magurudumu. Ña Tomasa alishavaa sweta lake jipya na kuchana nywele. Alimpungia Bibi mkono akitabasamu kama msichana anayekwenda dansi.

"Tukimwambia Nesi, Bibi atatuchuna ngozi," Derlis alinong'ona. "Na wewe hutakanyaga humu tena."

Zulma alikuwa akiukumbuka ule mrija ukikoroma mdomoni mwa Ña Tomasa. Kitanda kilianza kusukumwa. Kilipita kitanda cha kwanza, cha pili, kikakaribia mlango. Hapo miguu yake ikaondoka kabla hajaiamuru. Akakimbia, akasimama mbele ya magurudumu.

"Nesi, amekunywa kibuyu chetu. Juzi. Mrija ulikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyetia. Nilianza mimi kunywa." Akameza mate. "Na nilikuwa nakohoa. Nilikudanganya pale mlangoni."

Mmoja wa wanaume wale, dereva wa gari la wagonjwa, akatazama saa yake. "Dada Perla, ni mwendo wa saa tatu mpaka Asunción. Giza litatukuta njiani."

"Ngoja dakika ishirini," Nesi Perla alisema, tayari ameshika kijiti kipya. Hakumkaripia Zulma. Alimwuliza tu: siku gani, saa ngapi, vibuyu vingapi, nani mwingine, na kila jibu akaliandika.

Dakika hizo ishirini zilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Ña Tomasa aliketi wima, mkoba wake magotini, hamtazami mtu. Kumi. Tisa. Bibi akajikokota kwenye mto aone vizuri. "Tomasa, mimi ndiye niliyesema aifunike kwa shuka," alisema kwa sauti ya kukwaruza. Tatu. Mbili. Derlis alikuwa ameacha kupumua. Kasuku akapiga kelele.

"Anayo," Nesi Perla alisema.

Mabega ya Ña Tomasa yakashuka. "Miezi saba," alisema polepole. "Miezi saba nimengoja."

Nesi Perla alikuwa ameshachukua simu. Aliongea na daktari wa Asunción, akasikiliza, akaongea tena. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Daktari anasema tungekupasua na virusi hivi kifuani, huenda usingeamka. Nafasi yako hawampi mtu mwingine. Unaanza dawa sasa hivi, kabla homa haijakupata, na ukipona wanakuita." Akamgeukia Zulma na kijiti cha tatu. "Nawe njoo hapa. Tazama juu."

Zulma naye alikuwa nayo. Siku saba alizuiwa kuja hospitali. Sikukuu aliitazama akiwa dirishani kwao, moshi na vicheko vikipanda toka uwanjani, na mbejú alioletewa na Derlis ulikuwa umeungua pande zote mbili.

"Nimeukaanga mwenyewe," Derlis alisema kutoka mbali, barakoa usoni.

"Naona," alijibu Zulma, akaula wote.

Mwezi wa Agosti, asubuhi moja yenye jua, gari lilisimama mbele ya nyumba yao. Ña Tomasa akashuka bila kushikwa mkono. Mashavu yake yalikuwa na damu, na kovu la kifua lilichungulia juu ya kola. Bibi, sasa akitembea kwa mkongojo, alimwita Zulma alete birika.

Zulma alijaza kibuyu. Kabla hajanywa cha kwanza, Bibi aliinua kidole. "Koo?"

"Zima, Bibi. Na kikohozi sina. Kweli kabisa."

"Basi tia."

Ña Tomasa alikishika kibuyu kwa mikono miwili. "Madaktari wale wananisifia mashine ya Perla," alisema. "Nami naisifu, inajua kazi yake. Lakini mashine ile haina miguu, binti. Hujibu juu ya pua iliyoletewa, basi. Siku ile yangu isingeletewa, kama usingesema. Uongo wako ulitaka kuniua, na hilo usilisahau. Lakini ukweli wako uliniwahi mlangoni. Mtu akikuuliza habari ya afya yako, mwambie ilivyo, hata kama utakosa unachokipenda. Hujui nani yuko kitanda cha pili."

"Nimesikia, Ña Tomasa."

Mzee akavuta taratibu mpaka mrija ukakoroma, kisha akamrudishia kibuyu. Zulma alisubiri amwambie asante. Ña Tomasa hakusema kitu, alinyoosha tu mkono, akingoja cha pili.