Vichekesho vya Kukagua Taya

Kila alfajiri saa kumi na moja na nusu, kengele ya bweni letu hulia kama mtu aliyedhulumiwa, na wasichana arobaini na wawili huamka wakiwa na nyuso za kudhulumiwa vilevile. Tunatandika vitanda, tunapanga foleni bombani, tunapiga deki, kisha tunasimama kando ya vitanda kumsubiri matroni, ambaye huliona vumbi kabla halijatua. Mimi huitwa Chiriku. Ni jina la kuonewa tu, kwa sababu nikilala hunyamaza.

Muhula ule mwalimu wa sayansi alianzisha mpango wa mabalozi wa afya. Kila bweni lilitoa balozi mmoja, akapewa kijitabu, na Jumamosi baada ya usafi alipaswa kuwafundisha wenzake sura moja.

"Ninyi husikilizana kuliko mnavyotusikiliza sisi," mwalimu alisema.

Bweni letu likanichagua mimi bila kupinga. Nilipokea kijitabu kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama rais anayeapishwa, kisha nikakitia chini ya godoro na kukisahau kabisa.

Jumamosi ilipofika, sura ilikuwa ya majeraha na chanjo. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Lakini kukosa maneno si miongoni mwa maradhi yangu. Nikapanda juu ya sanduku.

"Ndugu wapendwa," nikaanza, "ukiumia ukaenda kwa nesi, utachomwa sindano ya pepopunda. Sindano yenyewe ni ndefu kama rula. Haichomwi mkononi. Inaingia kisiginoni, inapita mfupani, na ukitikisika inakatikia humohumo."

"Mama yangu!" mmoja akalia. "Na ikikatika?"

"Wanaifuata kwa kisu."

Bweni zima likapiga mayowe. Wengine walijifunika shuka, wengine walishikana mikono. Nilifurahi mno. Sijawahi kuona walimu wetu wakisikilizwa hivyo. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa rafiki yangu wa kitanda cha jirani, mkimbiaji bora wa shule, ambaye tulimwita Swala. Yeye hakupiga mayowe. Alikunja miguu yake kitandani, akaificha chini ya sketi.

Jumatatu alasiri alinivuta nyuma ya kamba za kuanikia nguo.

"Chiriku, apa kwanza."

"Niape nini?"

"Apa hutamwambia mtu yeyote."

Nikaapa. Akavua kiatu. Mchana huo alikuwa amekatiza njia mbio, pekupeku, nyuma ya karakana ya seremala wa shule, pale anapovunjia vitanda vibovu, na akakanyaga ubao wenye msumari. Tundu lilikuwa katikati ya unyayo, dogo kama punje ya mchele. Damu ilikuwa kidogo tu. Udongo ndio uliokuwa mwingi.

"Twende kwa nesi," nikasema.

"Akanichome ile sindano? Si wewe uliyetuambia?"

Nikafungua kinywa niseme kwamba nilitunga. Kikajifunga chenyewe. Nikisema, bweni zima litajua kwamba balozi wao hakusoma, na mwalimu naye atajua. Niliiona aibu hiyo waziwazi, imesimama mbele yangu na miguu yake miwili. Mguu wa Swala sikuuona vizuri hivyo.

"Basi tupake dawa ya meno," nikasema kwa sauti ya daktari bingwa. "Si imeandikwa dawa?"

Tukapaka, tukafunga na kitambaa, tukaficha kila kitu ndani ya soksi.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilikitoa kijitabu chini ya godoro kwa mara ya kwanza. Kilizungumza kwa upole. Kilisema vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo, na kwamba si lazima msumari uwe na kutu. Hupenda kidonda chembamba kilichozama ndani. Dalili huweza kuanza baada ya siku tatu, au hata baada ya wiki tatu, na mara nyingi huanzia kwenye taya: taya hukaza mpaka mgonjwa hawezi kufungua kinywa. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, na mgonjwa apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Chanjo huzuia ugonjwa huu. Kisha likafuata neno moja, nalo lilikuwa pale siku zote nilipokuwa nimelilalia: huua.

Kumwambia nesi kungekuwa kuvunja kiapo na kujiumbua, kwa hiyo tangu hapo nikawa mchekeshaji mwenye hofu.

Jumanne asubuhi nilimwambia Swala kwamba kitanda changu kilitandikwa vizuri hata matroni akakiamkia shikamoo. Akacheka, nami nikachungulia kinywani mwake. Meno ya nyuma yalionekana. Nikashusha pumzi. Mchana nikaigiza jinsi mwalimu mkuu anavyopiga chafya na kujiombea afya mwenyewe. Meno ya nyuma yakaonekana tena. Kila saa nilitafuta kichekesho kipya, na kila alipochelewa kucheka nilimwongezea kingine. Jumatano nilimwomba apige miayo.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Unanitazama mdomoni kama unataka kuninunua sokoni."

Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, wakati wa chai, Swala hakugusa mkate wake. Alikaa amefumba midomo, jasho limemtoka kwenye paji la uso ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Nikampa kichekesho cha kwanza. Hakucheka. Nikampa cha pili, kile bora nilichokuwa nimekiweka akiba. Akanitazama tu.

"Swala, fungua mdomo."

Akatikisa kichwa.

"Kidogo tu, nakuomba."

Akatikisa tena, midomo imebana.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku tatu. Sikumbuki nilivyotoka bwaloni. Nakumbuka nilivyokimbia, na jinsi njia ya kwenda kwenye chumba cha nesi, ambayo huwa fupi, ilivyokataa kwisha.

Nesi wetu ni mama mnene anayesema polepole. Alikuwa akipanga chupa kabatini, na chumba kilinuka spiriti.

"Shikamoo, nesi, Swala anakufa!"

"Marahaba. Anakufia wapi?"

"Bwaloni!"

Hapo nikayamwaga yote: msumari, udongo, dawa ya meno, kiapo. Na mwisho, lile lililokuwa zito kuliko yote: "Na ile habari ya sindano nimeitunga mimi, nesi. Kitabu sikukisoma. Hakuja kwako kwa sababu yangu."

Nilipomaliza, nesi alikuwa ameshachukua mkoba na yuko mlangoni. Sijawahi kumwona mtu mnene akienda haraka hivyo.

"Fungua kinywa, mwanangu," alimwambia Swala tulipofika bwaloni.

Swala akamtazama nesi, akanitazama mimi. Taya lake halikusogea.

"Fungua."

Kinywa kikafunguka, tena kikafunguka chote, mpaka kwenye koromeo.

"Msaliti!" alinipigia kelele. "Uliapa, Chiriku! Uliapa!" Kisha akaangua kilio. "Nilifumba mdomo kwa sababu nikiufungua nitalia. Mguu unaniuma! Na wewe na vichekesho vyako visivyokwisha!"

Niliyahesabu meno yote, hadi la mwisho. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Nesi hakufurahi. Alivua soksi, na chini ya ganda la dawa ya meno unyayo ulikuwa umevimba, mwekundu, una usaha. "Taya zima leo si cheti cha kesho," akasema. Aliosha kidonda kwa maji mengi, akampigia simu mama yake Swala, akaambiwa chanjo za utotoni hazikukamilika. Ndani ya nusu saa gari la shule lilikuwa likienda hospitali, nami nimebaki getini. Siku nzima sikusema neno, na wenzangu wakaanza kuuliza kama naumwa.

Ijumaa mchana Swala alirudi akichechemea, mguu umefungwa bendeji.

"Ile sindano je?" wakamzingira.

"Nilifumba macho nikisubiri iingie," akasema. "Daktari akaniambia imeshatoka."

Alipewa pia dawa za kumeza, na akaamriwa aonane na nesi kila siku kwa wiki tatu, ili taya lake liangaliwe na mtu mwenye akili.

Jumamosi nesi alikuja bwenini kwetu pamoja na mwalimu wa sayansi. Akaniambia nipande juu ya sanduku, niwaambie wenzangu ukweli. Nikausema, kisha nikasoma sura nzima kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyepiga mayowe. Nilipofunga kijitabu, msichana wa kitanda cha mwisho akainua mkono. Sikio lake lilikuwa likitoa usaha tangu wiki iliyopita. Wa pili akaonyesha alama ya kuungua na pasi. Wa tatu ana jipu kwapani. Wote walikuwa wamejificha, na wote walikuwa wamenisikiliza Jumamosi ile.

"Mwalimu, ninyang'anye ubalozi," nikasema, nikitazama chini.

"Hapana," mwalimu akajibu. "Hiyo itakuwa kukupumzisha."

Nesi alimshika mkono yule mwenye sikio, akatugeukia wote.

"Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mtu hafichi ugonjwa bure, wanangu. Huuficha kwa sababu kuna aliyemtisha. Msiogope sindano, ogopeni habari ambayo msemaji wake hakuisoma. Na ukiumia, kiapo cha kunyamaza hakina kazi. Rafiki wa kweli ni yule atakayekuleta kwangu ukiwa unamtukana njia nzima."