Tumbo la Yaya Aicha

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na dada yangu mkubwa Aicha tulitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja, mchi wake ukipanda, wangu ukishuka. Nyumba yetu ipo Kasongo, karibu na soko ambamo baba yetu, Kassimu, anauza vitambaa. Msimu ule wa mvua Yaya Aicha, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, alianza kuchoka upesi. Tumbo lake lilivimba chini ya kitovu, na kila alipoinua mchi alikunja uso.

Shangazi Zaina aliliona tumbo. Uso hakuuona.

"Baba yake ni nani?" aliuliza.

"Baba ya nani, Shangazi? Tumbo inaniuma tu."

"Usinidanganye. Mimi nimezaa, najua tumbo ya mimba."

Anajua! Hakumpeleka kupimwa, alijua tu. Haukupita muda, mtaa mzima nao ukajua. Wakakumbuka kwamba Kamaldine, dereva wa pikipiki, aliwahi kumpakia Aicha kutoka Wamaza, alikokwenda kuchukua mchele kwa bibi. Basi, baba wa mtoto akawa amepatikana. Hata baba yetu, anayekagua kila kitambaa mbele na nyuma kabla ya kukinunua, safari hii hakukagua chochote.

Kwetu, msichana akipata mimba akiwa bado kwa wazazi, ndugu zake humpeleka kwa mwanamume aliyempa mimba na kumwacha huko. Shangazi Zaina na dada zake wakamchukua Aicha mchana, mmoja amebeba mkeka, mwingine beseni la nguo, wakapita naye katikati ya soko. Watu walicheka. Mimi nilipiga kelele kwamba yaya hana mimba, nikaambiwa watoto wanyamaze. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile, nakasirika upya.

"Wamama, mimi nilimubeba tu na gunia yake ya muchele!" Kamaldine aliapa mlangoni kwake. "Munaniletea mutu mugonjwa!"

Hawakumsikiliza. Walitandika mkeka, wakaondoka.

Kesho yake, nilipotoka shule, nilimpelekea yaya chakula. Nilimkuta amejikunja juu ya mkeka ule, anatapika, jasho linamtoka. Mama yake Kamaldine alikuwa amemshika kichwa. Kamaldine akawasha pikipiki, mama yake akapanda nyuma kumshikilia mgonjwa, nami nikakimbia sokoni kumwita baba.

Hospitalini, muuguzi Julienne alipima mkojo. Hakuna mimba. Kisha ekografi, mashine ya kupiga picha ndani ya tumbo, ikaonyesha uvimbe mkubwa uliojaa maji kwenye ovari, nao ulikuwa umejisokota. Daktari akampasua yaya jioni ile ile, akautoa.

Aicha alipopata nafuu, baba na Shangazi Zaina walisimama kando ya kitanda, macho chini. Mama Julienne hakuwaonea haya.

"Nani aliwaambia ile ni mimba? Tumbo inaweza kuvimba sababu ya choo yenye kufunga, mukojo yenye kukwama, bandama yenye malaria imekuza, ngiri, ao uvimbe ndani ya kizazi. Mimba pia, ndiyo, lakini inapimwa! Kwa macho tu, hata mimi siwezi kujua. Tumbo ikivimba na haishuki, mulete mutoto tumupime. Akiwa na maumivu makali, homa ao kutapika, musingojee, na musimukande tumbo. Na hata angekuwa na mimba, mutoto hatupwi kwa mulango ya watu!"

Baba alilia. "Unisamehe, binti yangu."

"Nimekusamehe, Baba," Aicha alijibu. "Lakini mukeka yangu bado iko kwa Kamaldine. Mulinipitisha sokoni muchana, watu wote wanaona. Munirudishe muchana, kwa njia ile ile."

Siku ya kurudi nyumbani, mchana, tulianzia kwa Kamaldine; baba alibeba beseni na Shangazi Zaina akabeba mkeka kichwani. Katikati ya soko, muuza samaki mmoja akaita, "Aicha, mutoto iko wapi?"

Shangazi akasimama. Nilidhani atapita haraka, lakini alishusha mkeka na kusema kwa sauti, soko zima likasikia:

"Hakukuwa mutoto. Kulikuwa ugonjwa, na sisi tulimutupa mugonjwa."

Hakuna aliyecheka.