Matundu Mawili ya Boksi la Saladi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wan-ju alipita kwanza roshani kulisalimia boksi lake. Alijibana kando ya mashine ya kufulia, akainama chini ya soksi zilizoanikwa, akachungulia. Saladi zilikuwa zimebanana kama watoto kwenye picha ya darasa.

"Umezimwagilia?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hazimwagiliwi, Mama! Nimekwambia mara ngapi? Hii ni bustani ya wavivu."

"Basi imempata mwenyewe," akasema bibi yake, ambaye wote nyumbani walimwita Ama. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mwanzi papo hapo roshani, miguu karibu na boksi, akinywa maziwa ya soya.

Kweli bustani hiyo haikuwa na kazi. Boksi lenyewe lilikuwa jeupe, jepesi, la wauza samaki, na Wan-ju alilipata bure sokoni. Mwalimu wao aliwaonyesha namna ya kulijaza maji yenye mbolea, kulifunika, kisha kutoboa matundu kwenye kifuniko. Kila tundu lilipokea kikombe kidogo chenye sponji na mche. Mizizi ilining'inia majini ikanywa yenyewe, na maji yalipopungua ikapata nafasi ya kuvuta hewa. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna udongo wa kuchafua nguo. Mwalimu alisisitiza jambo moja tu: tundu lisiachwe wazi. Hilo Wan-ju alilisikia kwa sikio moja.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi alitarajiwa kulipeleka boksi darasani. Rafiki yake Chia-hui hakuamini hata kidogo.

"Mkulima wa roshani! Hizo saladi zako umezilima kichwani."

Wan-ju hakuvumilia. Siku moja baada ya masomo alimleta nyumbani, akang'oa saladi mbili pamoja na vikombe vyake, akamtia jani mdomoni. "Haya, tafuna hizo za kichwani!"

Chia-hui alitafuna, akanyoosha mkono. "Mh. Nipe jingine."

Wakaenda zao wakicheka. Matundu mawili yakabaki wazi.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, kisha jua la mji wao wa Kaohsiung likawaka kama limetumwa. Bi Hung, mwenyekiti wa mtaa, akapita na pikipiki yake, kipaza sauti mkononi. "Jamani, homa ya dengi imeingia mtaa wa pili! Mwageni maji yote yaliyotuama! Jumamosi napita nyumba hadi nyumba. Sitaki kukaribishwa chai, nataka kuona ndoo!"

Mama alianza kupindua kila kisahani. Alikuwa na sababu. Ama aliwahi kuugua dengi, akalazwa hospitali hadi watu wakaanza kunong'ona habari za mazishi, na daktari akaonya kwamba akiipata tena inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Tangu hapo Mama alimwaga hata chai ya Ama kabla haijaisha.

"Na boksi lako?" Mama aliuliza.

"Limefunikwa, Mama."

Lakini alikwenda kuangalia. Ndani ya yale matundu mawili, viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijinyonganyonga majini. Wan-ju akapiga hesabu. Akisema, Mama atalitupa boksi lote, na Jumatatu ndiyo hiyo inakuja. Akachukua kitambaa, akayafunika matundu. "Jumatatu jioni nitayamwaga maji mwenyewe," alijiambia.

Kesho yake alasiri alimkuta Ama roshani akijikuna kifundo cha mguu.

"Angalia hapa. Mbu mwenye soksi za mistari ameniuma mchana kweupe. Hana hata haya!"

Wan-ju aliona uvimbe mwekundu. Aliona pia kwamba kitambaa kimepeperushwa na upepo.

"Ama, ingia ndani! Toka hapo!"

"Kuna nini, nyumba inaungua?"

"Mama! Mama, njoo. Kosa ni langu."

Mama alikuja mikono ikichuruzika maji, akatazama ndani ya tundu.

"Tangu lini?"

"Jana niliwaona. Nikanyamaza. Niliogopa utalitupa boksi."

"Na Ama je? Yeye hukumwogopea?"

Machozi yalimtoka Wan-ju. Mama akalishika boksi ili akalitupe, lakini Ama akanyoosha fimbo yake mlangoni.

"Weka chini. Aliyeumwa ni mimi, basi mwamuzi ni mimi. Maji yamwagwe, saladi zangu zibaki. Na huyu aliyenyamaza ndiye atakayesugua."

Wakatia saladi kwenye ndoo, wakapanda na boksi hadi paani, wakayamwaga maji kwenye saruji ya moto. Viluwiluwi wakakauka hapo hapo. Wan-ju alisugua kuta za boksi kwa brashi hadi mkono ukamuuma, kwa kuwa mayai ya mbu hugandia mahali jicho halioni. Kisha akalijaza maji mapya yenye mbolea, akarudisha saladi, akakata vizibo kutoka kandambili kuukuu za Ama, akaziba kila tundu tupu.

Jumamosi Bi Hung alipofika na tochi yake, Wan-ju mwenyewe alimweleza yote. "Afadhali umesema," alimjibu. "Mpimeni bibi joto kila siku. Homa ikipanda, hospitali moja kwa moja, msingoje kukuche."

Jumatatu, kwa kuwa saladi zilikuwa bado zimelegea kwa kuhamishwa, alikwenda darasani mikono mitupu, akasimama akasema ukweli.

"Kumbe mkulima wetu anafuga mbu!" Chia-hui akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Lakini jioni hiyo hiyo Chia-hui alimpigia simu kwa sauti ndogo: "Wan-ju, kwenye sahani ya chungu cha maua cha mama yangu… wamo."

Kila asubuhi Wan-ju alimpima Ama. "Leo vipi?"

"Sina homa. Nina njaa."

Siku za hatari zilipopita na homa isionekane, Mama alitandika meza, akaleta nyama ya kukaanga na mchuzi wa vitunguu saumu. Kila mtu alifunga nyama yake ndani ya jani la saladi.

"Nisikilize, mwanangu," Mama alisema. "Kusahau tundu ni kosa la mtoto, nami ningekusamehe kabla ya chai kupoa. Kilichonitetemesha ni ile siku moja ya kunyamaza. Ukiona hatari nyumbani, sema saa ile ile, hata kama kosa ni lako. Bustani yako haitaki jasho, sawa. Inataka macho, na mdomo unaosema kweli."

"Na inataka mtu wa kuchuma," Ama akadakia. "Majani yameisha!"

Wan-ju akaenda roshani, akang'oa saladi iliyonona kuliko zote. Kabla hata ya kuikung'uta maji, mkono wake mwingine ulikuwa umeshakishika kizibo.