Pembe ya Mhezi

Land Cruiser nyeupe ilikata kona ya Chome kwa kasi ya kijinga.

Askari Fortunata Mgonja aliifuata kwa pikipiki yake ya Boxer, bastola ya Glock kiunoni, vumbi mdomoni, hasira kifuani. Mbele yake alikuwa Kessler, mtafiti bandia kutoka ng'ambo. Jana yake aliwadunga sindano wanakijiji kumi na mmoja, akidai ni chanjo.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake Fortunata.

Redio ilikoroma. "Shengena, hapa Same." Alikuwa Clemence, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la redioni. "Majibu ya maabara yametoka. Ile dawa inaikaba p53."

"Sema nikuelewe, mkuu."

"Protini ya ulinzi. Seli ikiharibika, p53 huwasha jeni za kuizuia isigawanyike mpaka itengenezwe. Isipotengenezeka, huwasha jeni zinazoiamuru ijiue. Mlinzi akikabwa, seli mbovu inaishi na kuzaana. Hiyo ndiyo saratani."

"Anatafuta nini huyu mshenzi?"

"Kupima inakua upesi kiasi gani. Wanunuzi wa matokeo hayo wanamngoja ng'ambo ya Ziwa Jipe. Dawa ya kuifungua p53 anayo mwenyewe, kwenye kisanduku cha baridi. Iwafikie wagonjwa kabla ya saa sita, baada ya hapo haitasaidia."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Boxer isingeifikia Land Cruiser. Risasi ingeweza kupasua kisanduku.

"Mkuu, mpigie mwenyekiti wa Mhezi, kijiji kilicho mbele yake. Apulize pembe ya msaragambo, ya kuwaita wote kwenye kazi ya kijiji. Watu wazibue mtaro wa barabarani, sasa hivi."

Dakika kumi baadaye pembe ililia. Watu arobaini wakajaa barabarani na majembe.

Land Cruiser ilisimama.

"Wapitie juu," Kessler alifoka.

Dereva wake, Elirehema, alikuwa mzaliwa wa Mhezi. Tangu utotoni hakuwahi kuipita kazi ya kijiji akiwa amekaa. Alichomoa ufunguo kwa mazoea, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mwenyekiti alijibu. "Chukua jembe."

Akachukua.

Kessler aliruka nje, kisanduku mkono mmoja, bastola mkono wa pili, akamwekea Elirehema shingoni. "Ufunguo."

Fortunata alikuwa ameshazima Boxer na kuiacha iteremke kimya nyuma yao. Alinyakua jembe la aliyekuwa karibu. Mpini ukatua kwenye kifundo cha mkono wa Kessler. Bastola ikaangukia mtaroni. Kisanduku kikamponyoka; Fortunata alikidaka kabla hakijagusa chini.

"Mama yangu alikushukuru kwa ile sindano," alisema akimfunga pingu. "Hapo ndipo ninapokuchukia zaidi."

Aliwaachia wanakijiji wamlinde, akakifunga kisanduku kwenye Boxer.

"Mwanangu," mwenyekiti alisema, "na wewe umeikuta kazi."

Fortunata alitazama saa. Akapiga majembe matatu ya heshima, akaondoka.

Saa tano u nusu, huko Chome, sindano ya pili iliingia mkononi mwa mama yake.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Inamwamsha mlinzi, mama. Wabovu watajiua wenyewe."

Fortunata akafuta tope la mtaroni kwenye Glock yake, akatoka nje kumrudia Kessler.